Taa Kuwaka Si Ushahidi

Mwenye nyumba wa Gisenyi akibadilishiwa taa ya dari, kipimo chake huwa ni swichi: anabonyeza, taa inawaka, fundi analipwa. Kipimo hicho hakitoshi hata kidogo, kwa sababu makosa mengi ya hatari yanayofanyika juu ya dari huiacha taa iwake vizuri. Balbu inahitaji njia mbili tu, umeme uingie na utoke. Haijali swichi inakata waya upi wala kiungio kimekazwaje. Mita ya Cash Power, ya umeme wa kulipia kabla, nayo inahesabu uniti, haikagui kazi. Anayetaka kujua kama kazi ni nzuri ana mambo mawili ya kutazama: waya unaokatwa na swichi, na viungio vinavyofichwa na kifuniko cha taa.

Tuanze na swichi. Umeme wa Rwanda ni volti 230. Swichi ikikata fezi, yaani waya wa moto, ukizima taa kishikio cha balbu hakibaki na umeme. Ikikata nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, taa inazimika vilevile, ila fezi imebaki palepale kwenye kishikio, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu kwa kuamini giza anaweza kuigusa. Dalili moja inaonekana bila kufungua chochote: balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu, au inayomwekamweka, baada ya kuzimwa. Dalili hiyo peke yake haimtii fundi hatiani, kwani swichi yenye kitaa ndani, au nyaya ndefu zilizolala pamoja ndani ya bomba moja, huleta mwanga huohuo. Lakini inatosha kudai kipimo.

Wengi watasema rangi za nyaya zinamaliza ubishi. Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, ni mahali pa kuziamini kidogo kuliko pengine. Utaratibu wa Ulaya unaipa fezi rangi ya kahawia au nyeusi, nyutro bluu, na ethi, yaani waya wa ardhi, kijani chenye mstari wa njano. Utaratibu wa zamani wa Uingereza, uliozoeleka Uganda na Kenya, uliipa fezi nyekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani. Utazame waya mweusi: kwa aliyefunzwa huku ni moto, kwa aliyefunzwa kule ni nyutro. Rwanda ilirithi mengi kutoka Ubelgiji, lakini bidhaa na mafundi huingia kutoka pande zote, na nyumba iliyopanuliwa mara mbili inaweza kubeba tabia zote mbili, kila fundi akiwa sahihi kwa mafunzo yake. Hata waya wa bluu unaweza kuwa wa moto, pale kebo ya nyaya mbili inaposhuka hadi kwenye swichi na bluu ndiyo inayorudisha fezi kwenye taa. Fundi mzuri huuzungushia tepu ya kahawia kwenye ncha. Kwa alama hiyo ndogo nampa maksi nyingi, maana ameiweka kwa ajili ya mtu mwingine atakayefungua hapo miaka kumi baadaye.

Sasa viungio. Kuna hoja nzito dhidi yangu hapa: taa za LED hutumia umeme mdogo sana, basi kiungio kilegevu kitachomaje? Hesabu inaikubali hoja hiyo nusu. Balbu ya wati 10 huvuta ampea 0.04 hivi. Lakini kiungio cha dari mara nyingi hubeba pia umeme unaoendelea vyumba vingine. Mtu akiwa ameunga soketi kwenye laini hiyo ya taa, birika la wati 2,000 linapitisha hapo karibu ampea 9, mara 200 ya mkondo wa ile balbu. Na kwa kuwa joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, kiungio kilekile kinapata joto mara 40,000. Ndiyo maana siukubali waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu. Gundi ya tepu huchoka kwa joto la dari, msokoto unalegea, na hakuna anayeuona. Konekta ya skrubu, shaba imeingia yote bila kuchungulia nje, ndani ya kisanduku kinachofunguka: hicho ndicho kiungio.

Mbali na mambo hayo mawili, kuna ethi na uzito wa taa. Kuhusu ethi, ni kweli taa ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba haiihitaji. Ya chuma inaihitaji, na waya wa ethi usikatwe kwa sababu taa ya leo ni ya plastiki. Kwenye mawe ya volkano, kama ya huku, ardhi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo ethi isaidiwe na swichi ya usalama ya miliampea 30. Uzito nao: matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yalipasua kuta Rubavu. Taa inayoning'inia kwa nyaya zake, badala ya skrubu zilizoshika mbao au zege, haifai katika mji huu.

Kibali cha RURA, mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, kinathibitisha kwamba fundi anaruhusiwa kufanya kazi. Hakithibitishi alichokifanya Jumanne jioni akiwa na haraka. Mwombe, kabla hajafunga, awashe umeme, azime swichi ya taa, apime kati ya kishikio na ethi kwa mita, si kwa testa ya bisibisi ambayo huweza kudanganya. Mita aijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, na aijaribu tena baada ya kupima. Kisha azime breka, ahakikishe kwa mita kwamba umeme umekatika, na avute waya mmoja mmoja kwa vidole. Unaochomoka urudishwe na kukazwa upya kabla kifuniko hakijapanda.