Sifa ya Mweleka

Mtunza bustani anamwagilia maua kwa mpira wa maji. Kijana mtundu ananyata nyuma yake, anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Mzee anashangaa, anaugeuza mdomo wa mpira na kuuchungulia. Kijana anainua mguu. Maji yanamfumua mzee usoni hadi kofia inamtoka. Filamu nzima haifiki dakika moja. Louis Lumière aliipiga mwaka 1895, na tarehe 28 Desemba mwaka huo ilikuwamo katika filamu kumi zilizooneshwa kwa watu waliolipa kiingilio pale Grand Café mjini Paris, onesho ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililoizaa sinema. Sinema, basi, ilianza kumcheka mtu aliyelowa kabla haijajifunza kusimulia mapenzi, vita wala siasa.

Mambo mawili katika kafilamu hako hayanitoki. La kwanza ni kwamba sisi tunamwona kijana kabla mzee hajamwona. Tunaujua mguu uliokanyaga mpira, tunajua utainuliwa, na tunaanza kucheka mzee akiwa bado mkavu. La pili linakuja mwishoni. Mzee anamfukuza kijana, anamkamata kule pembeni, karibu atoke kwenye picha, kisha badala ya kumtandika palepale anamburuta hadi mbele ya kamera ndipo anamchapa makalioni. Kwa nini asimalizane naye kulekule? Kwa sababu yetu. Tumelipa kiingilio, na kipigo kile ni haki yetu tukione vizuri.

Wenye elimu zao huviita vichekesho hivi vya kijinga: mtu kuteleza, kupigwa pai la krimu usoni, suruali kumvuka mbele ya wakwe, mlango kumbamiza aliyekuja kuufungua. Ni vya kijinga kweli. Lakini vimeishi miaka mia moja na thelathini, na mizaha mingi ya werevu iliyotungwa katika muda huo hakuna anayeikumbuka. Kwa maoni yangu sababu ni ileile aliyoigundua Lumière bila kuitafuta. Mzaha wa maneno huishi kwa kushtukiza, na ukiusikia mara ya pili umekuwa taarifa tu. Mweleka hauna cha kushtukiza. Ganda la ndizi liko chini, tumeoneshwa. Bwana mwenye gazeti anakuja, hatazami chini, tumeoneshwa hilo pia. Kinachotuchekesha ni hatua zilizobaki kati yake na ganda, na hatua hizo hazichakai hata ukizitazama mara ya hamsini. Mr. Bean wa Rowan Atkinson alikuwa na vipindi 15 tu, vilivyoanza kurushwa Uingereza mwaka 1990, na hadi leo vinarudiwa kwenye luninga za nchi nyingi, zetu zikiwamo, kwa watazamaji wanaojua tangu mwanzo kwamba kichwa kitanasa ndani ya bata mzinga.

Si kila anguko lina ufundi huo. Studio ya Keystone, iliyoanza kazi California mwaka 1912 chini ya Mack Sennett, ilitoa maanguko kwa jumla na rejareja. Polisi wake wanarundikana kwenye gari, gari linayumba, linagonga, linazama, wanatoka, wanarundikana tena. Kamera za siku hizo zilizungushwa kwa mkono. Ukiizungusha polepole wakati wa kupiga, siku ya kuonesha watu wanakimbia kama waliomwagiwa upupu. Nimejaribu kuzipenda filamu hizo, zimenishinda. Kila mtu anaanguka, kwa hiyo hakuna anayeanguka. Hupewi nafasi ya kumsubiri hata mmoja.

Charlie Chaplin alipoingia Keystone mwishoni mwa 1913, akitokea katika kundi la Fred Karno la Uingereza ambako uigizaji wa bila maneno ulikuwa kazi ya kusomea, alileta kitu kilichokuwa adimu pale: utulivu. Matunda yake yanaonekana vizuri zaidi katika *The Gold Rush* ya mwaka 1925. Kibanda cha mbao kimesukumwa na dhoruba usiku hadi ukingoni mwa genge, nusu kwenye ardhi, nusu hewani. Ndani wanaamka watu wawili wenye mning'inio wa pombe. Madirisha yameganda barafu, hawaoni nje. Sisi tunaona. Chaplin akisogea upande wa genge, sakafu inainama; mwenzake akienda upande wa pili, inarudi sawa. Wao wanadhani ni vichwa vyao. Kila hatua ya kawaida ndani ya kile kibanda, hata kikohozi, inakuwa suala la uhai. Ukiwaonesha watazamaji watu hao bila kuwaonesha genge, utabaki na walevi wawili wanaotembea chumbani.

Ila mafundi wakubwa wa kusubirisha, kwangu mimi, ni Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene. Katika *The Music Box* ya mwaka 1932 wamepewa kazi ya kufikisha piano kwenye nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu. Ngazi hiyo ipo hadi leo, Silver Lake, Los Angeles, na ina vidato 133. Mtu yeyote akishaiona ngazi na kuiona piano amekwisha kuijua filamu: piano itashuka. Itashuka mara ngapi, nani atakuwa chini yake, ndiyo mambo tuliyokalia viti kuyajua. Inawapita, wanaikimbiza, inamburuza Hardy nyuma yake, wanaanza upya. Hardy kila akipatwa hugeuka na kutukazia macho, mimi na wewe, kwa uso wa mtu mzima aliyechoshwa, kana kwamba anatuomba tushuhudie. Mtazamo huo ni wa muhimu kuliko anguko lenyewe. Anatupa muda wa kumaliza kicheko kimoja kabla ya kuanza kingine. Waigizaji wa jukwaani walikuwa wakifanya hivyo kwa kusikiliza ukumbi, yeye ikabidi akisie ukumbi ambao haupo.

Hatimaye wanafika juu. Anatokea tarishi wa barua anawaambia, hivi hamkuona kuna barabara inayozunguka kilima hadi mlangoni? Wangetumia gari. Wanatazamana. Kisha wanaibeba piano, wanaishusha ngazi yote, wanaipakia kwenye gari, na kuipandisha kwa barabara. Sijui kichekesho cha maneno kinachoukaribia ukichaa huo uliotulia. Filamu hiyo ilipata Oscar ya kwanza kabisa kutolewa kwa filamu fupi ya vichekesho, jambo la kuwakumbusha wale wenye elimu zao.

Kuna swali la maumivu, na siwezi kulikwepa. Tunamcheka mtu anayeumia, je, si ukatili? Jibu zuri lilikuwa mkononi mwa Arlecchino, mtumishi mlafi wa maigizo ya zamani ya Italia. Alibeba kipigio cha mbao mbili nyembamba zilizoungwa kwenye mpini mmoja. Akimpiga mtu, mbao hugongana zenyewe na kulia kwa kishindo, na aliyepigwa hapati hata alama. Kelele nyingi, maumivu kidogo: kazi yote ya wachekeshaji wa mwili ni kutengeneza upya kile kipigio kwa njia nyingine. The Three Stooges, waliofanya filamu fupi 190 kwa kampuni ya Columbia kati ya 1934 na 1959, na ambao nadhani ndio walioishusha sanaa hii chini kabisa (nasema hivyo kwa mapenzi), walikihamishia kwenye sauti. Kofi linalia kama ubao, ngumi ya tumboni inadunda kama ngoma, kichwa kikigongwa kinatoa mlio wa chuma. Masikio yanapokea ajali kubwa, macho yanamwona Curly, mmoja wao, akisimama na kuendelea na ujinga wake. Hapo ndipo moyo unaruhusu mdomo ucheke.

Nyuma ya pazia hesabu haikukubali kila mara. Harold Lloyd, anayening'inia kwenye mshale wa saa juu ya jiji katika *Safety Last!* ya mwaka 1923, alikuwa amepoteza kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia mwaka 1919, bomu alilodhani ni la maigizo lilipolipuka mkononi mwake wakati wa kupiga picha. Pale kwenye saa amevaa glavu ya kuficha pengo hilo. Buster Keaton, aliyekulia jukwaani akirushwarushwa na baba yake huku nguo zake zimeshonewa mpini wa kumshikia, alipigwa na maji ya tangi la reli katika *Sherlock Jr.* ya 1924, na ni miaka mingi baadaye daktari alipogundua kwamba siku ile shingo ilipata ufa.

Keaton huyohuyo, mwaka 1928, katika *Steamboat Bill, Jr.*, alisimama mbele ya nyumba wakati wa dhoruba na kuuacha ukuta mzima wa mbele umwangukie. Dirisha la darini lilikuwa wazi, likapita juu yake na kumwacha amesimama ndani ya tundu. Ukuta ulikuwa mzito kweli, nafasi ya mabegani ilikuwa ndogo kweli. Kamera iko mbali kiasi cha kutuonesha mtu mzima, ukuta mzima na ardhi. Hakuna kukata, hakuna kusogeza. Angeukaribia uso ili tuone hofu, tungedhani ni ujanja. Na hana hofu ya kutuonesha. Utotoni aligundua kwamba akicheka, ukumbi unanyamaza, akaufanya uso mkavu kuwa mtaji wa maisha.

Ufundi huu ulitufikia kupitia njia nyingi, na mojawapo ni vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea filamu. Kwenye benchi zile filamu ya Jackie Chan haikuhitaji mengi. Watafsiri wa aina ya Lufufu, waliokuwa wakizijaza filamu za kigeni maneno, methali na matusi ya mtaani, walikuwa na kazi kubwa kwenye mazungumzo. Chan alipoanza kuanguka, mwenye macho hakuambiwa tazama. Katika *Project A* ya mwaka 1983 anadondoka kutoka mnara wa saa, anachana turubai moja, anachana la pili, anatua. Amekopa saa ya Lloyd, na filamu inaturudishia anguko hilo kwa mara nyingine ili asiyeamini aamini.

Mchekeshaji wetu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, hakuhitaji mnara wala ukuta. Watu walianza kumcheka akiwa ndiyo kwanza anaingia, hajasema neno, kwa sababu walimjua mzee yule wa kwenye filamu: tamaa yake, ubahili wake, na aibu iliyokuwa ikimsubiri mbele. Benchi la nyuma hukosi mtu aliyekwisha kuiona filamu, anayewapigia wenzake kelele: subirini, subirini, sasa hivi anakuja mkewe! Filamu ya upelelezi angefukuzwa kibandani, pengine na kofi juu. Kwa Majuto watu walisogea wampishe akae mbele.