Mwandishi wa Vyakula na Asili Yake: Mtazamo kutoka Bungoma na Kitale

Aandikaye juu ya chakula huongozwa na jiko alikolelewa na elimu aliyosomea. Kauli hii yafaa kupimwa kwa kitabu cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, Traditional Food Plants of Kenya, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1999. Asili ya kitabu hiki ni elimu ya mimea, na mpango wake wafuata elimu hiyo: mimea huingia mmoja mmoja kwa jina la kisayansi, kisha yakafuata majina yake katika lugha za Kenya.

Majina hayo ni hazina kwa mwanaisimu. Kamusi zetu zinayo mnavu, mgagani na mlenda. Lakini anunuaye mboga sokoni Kitale, hata akisema Kiswahili, huomba managu, saga na mrenda. Neno saga lina ndugu zake: chinsaga la Kigusii na chisaka la Kibukusu. Mtunga kamusi asiyelijali soko huandika Kiswahili nusu.

Hata hivyo, mpango wa mmea mmoja mmoja hauwezi kutuonyesha chungu kizima. Katika jiko la Kibukusu mlenda huchanganywa na kunde na kutiwa maji ya majivu ili ulainike. Mboga zenye uchungu hutiwa maziwa, zikalazwa, kisha zikapashwa moto. Kinachohesabiwa kuwa chakula ni mchanganyiko huo. Maarifa yake yamo katika vitenzi, na orodha ya majina haina pa kuviweka.

Tutazame wimbi pia. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara yakaanza kuenea miaka ya 1960. Ugali wa wimbi ukarudi nyuma. Lakini huko Bungoma kijana anayejiandaa kutahiriwa bado hutia maji katika kimea cha wimbi, katika desturi iitwayo khuchukhila. Nafaka iliyopungua sahanini imedumu katika tohara. Habari hiyo haipatikani kwa kuutazama mmea peke yake.

Wanabotania wametimiza wajibu wao. Uliosalia ni wetu sisi wa lugha: kuandika kwa Kiswahili tukianzia chunguni, maadamu wapishi wanaovijua vitenzi hivyo wangali hai. Tukichelewa, tutarithi majina ya mboga tusizojua kuzipika.