Uhakiki wa Kipimo cha Visahani kwa Dawa za Kusafishia Vidonda
Kipimo cha visahani vya karatasi, kilichosanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, kinafaa kwa viuavijasumu, kwa kuwa kipenyo cha duara lisiloota bakteria hulinganishwa na viwango vilivyokubalika. Udhaifu hujitokeza kinapotumiwa kwa dawa za kusafishia vidonda, zisizo na viwango hivyo. Hapo duara huonyesha pia jinsi dawa inavyosambaa katika agari. Povidoni-ayodini yenye duara dogo si lazima iwe dhaifu. Mtafiti wa majeraha mkoani Simiyu hana budi kupima uuaji wa bakteria kwa muda maalumu wa mguso, pakiwapo damu au usaha. Vinginevyo, zahanati za Bariadi huenda zikaacha dawa inayofaa kwa hukumu ya rula pekee.