Vifaru vya Meli ya Faina na Amana ya Mtawala

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine, pamoja na silaha nyinginezo. Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa shehena hiyo ni ya jeshi lake. Lakini hati zake zilikuwa na herufi GOSS, kifupi kilichozoeleka cha Serikali ya Sudan Kusini kwa Kiingereza. Serikali ikazipa herufi hizo maana nyingine. Bwana Andrew Mwangura, mtetezi wa mabaharia, aliyesema mapema kuwa silaha zinakwenda Sudan, alikamatwa na kushtakiwa Mombasa. Meli iliachiwa Februari 2009 baada ya kikomboleo kulipwa. Desemba 2010 zikachapishwa barua za siri za wanadiplomasia wa Marekani, zikieleza kuwa vifaru hivyo vilikusudiwa Sudan Kusini na kwamba wakubwa wa Kenya walilijua hilo.

Ndugu msomaji, hapa pana masuala mawili, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni silaha zenyewe. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu, katika Kitabu cha Biashara, juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, na humo akataja kuwa Imran bin Huswayn (r.a.) alilichukia jambo hilo. Ibn Qudama katika al-Mughni amelifananisha na kumuuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa atazikamua pombe, akaiona akdi hiyo ni batili. Mashafii husema akdi inasihi, lakini muuzaji aliyejua anapata dhambi. Atakayesema kuwa Wasudani wa Kusini walikuwa na haki ya kujilinda, neno lake lasikilizwa. Lakini mapatano ya Kaskazini na Kusini yalitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Kenya ndiyo iliyosuluhisha. Msuluhishi apitishaje silaha za upande mmoja kwa siri? Wala suala hili si la Uislamu na Ukristo. Lau vifaru vingekuwa vya Khartoum, hukmu ingekuwa ile ile.

La pili, nalo kwangu ni zito zaidi, ni jina lililotumika. Mtawala kwa raia wake ni kama walii kwa yatima: hatendi ila kwa maslahi yao. Hati zilipoandikwa kuwa mnunuzi ni Kenya, walionunua kwa maandishi ni Wakenya wote, pamoja na mvuvi wa Lamu na mkulima wa Nyeri, ambao hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Wakili anayetumia jina la aliyemuwakilisha kwa shughuli ya mtu mwingine ameipindukia idhini yake, na dhamana ni juu yake.

Huenda pakasemwa kuwa vita vina siri, na kwamba Mtume (s.a.w.) aliificha safari yake ya kwenda kuifungua Makka. Ni kweli. Lakini alimficha adui. Hakuwapa umma wake habari ya uongo, wala hakumfunga aliyesema kweli. Tena siri ya kabla ya tendo haifuti hesabu ya baada yake. Watu wa Kufa walipomshtakia Umar (r.a.) gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, Umar alituma wachunguzi waliozunguka msikiti baada ya msikiti wakiuliza habari zake hadharani. Kama Saad alihesabiwa, ni waziri gani asiyehesabika?

Desemba 2013 Sudan Kusini, iliyokuwa huru tangu 2011, iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe, na wanaadamu wasiohesabika wakaangamia. Silaha haimuulizi mshikaji wa pili alikubaliana nini na wa kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, imempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Basi maimamu wasione kuwa kuuliza ni uasi. Kumuuliza mtawala kwa adabu na kwa ushahidi ni nasaha, na kunyamaza kwa kujua ni kushirikiana naye.

Wallahu aalam.