Mbingu ya Msomaji: Vitabu vya Watoto vya Elimu ya Nyota na Mtoto wa Homa Bay na Migori

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya hadithi za watoto, na machache mno juu ya vitabu vinavyowafundisha watoto mambo ya kweli. Yaelekea kitabu cha maarifa hudhaniwa kuwa hakina fani ya kuhakikiwa. Ama ni sahihi, ama si sahihi. Vitabu vya elimu ya nyota vyaikanusha dhana hiyo. Kitabu chaweza kuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, na bado kikampotosha mtoto anayekisoma kando ya Ziwa Viktoria.

Utazamwe mfano wa Find the Constellations, kitabu alichokitoa H. A. Rey nchini Marekani mwaka 1954. Kwa upande wa fani, ni vichache vinavyokishinda. Rey aliziunganisha nyota kwa mistari inayompa mtoto umbo analoweza kulitambua, ambapo waliomtangulia waliridhika na michoro isiyofanana na chochote. Lakini mbingu yake ni ya kaskazini, na mhimili wake ni Nyota ya Kaskazini. Mji wa Homa Bay uko karibu nusu digrii kusini ya Ikweta, na Migori kama digrii moja. Huko nyota hiyo iko kwenye upeo wenyewe wa macho, wala haionekani. Orioni naye, yaani Jabari, ambaye vitabu vya kaskazini humchora amesimama wima kama askari, huku huchomoza amelala ubavu, na mkanda wake hupita karibu utosini. Hilo si kosa la Rey, aliyewaandikia watoto wa kwao. Ni kosa la kila anayenakili michoro ya namna hiyo bila kuuliza kitabu kitasomewa wapi.

Kasoro ni kubwa zaidi katika habari za Mwezi. Michoro iliyozoeleka huuonyesha mwezi mchanga ukiwa umesimama kama mabano. Mtoto wa Mbita au Muhuru huuona jioni umelala chali magharibi, pembe juu, mfano wa mtumbwi. Tena anaujua kwa sababu isiyotajwa katika vitabu hivyo. Omena huvuliwa usiku kwa taa, nayo taa huwavuta samaki vizuri pale tu mbingu ilipo na giza. Mwezi ukipevuka, mavuno hupungua na mitumbwi mingi hukaa ufukoni. Na upungufu huo huonekana sokoni na jikoni. Mtoto huyu hahitaji kuambiwa kwamba Mwezi hubadilika. Anachohitaji ni sababu, na sababu hiyo anapewa kwa picha inayopingana na macho yake. Akiulizwa darasani, atachora mabano.

Majira nayo yana dosari yake. Mwinamo wa mhimili wa dunia hufafanuliwa kwa majira manne ya Ulaya, hata msomaji wa huku, aliyezoea masika na vuli na mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, akadhani kwamba mwinamo huo haumhusu. Kumbe kijiti kimoja uwanjani mwa shule chatosha. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, Desemba huangukia kaskazini, na katika siku chache za Machi na Septemba karibu hutoweka.

Juu ya lugha, yafaa kusema kwamba istilahi si haba. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya zamani, na Kilimia chatokana na kulima, maana kundi hilo la nyota liliwaongoza wakulima. Hata hivyo, nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, na majina hayo humfikia mtoto kama msamiati wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Mtoto wa Kijaluo ana pia chieng', dwe na sulwe, yaani jua, mwezi na nyota, na kitabu cha Kiswahili kingeweza kuanzia hapo bila hasara yoyote. Waandishi wenye haraka wanashughulikia zaidi kuiondoa Pluto, iliyovuliwa cheo cha sayari mwaka 2006. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Ule mchoro wa mabano, toleo baada ya toleo, unaachwa palepale.