Sauti ya Stephanie

Vuga ni mlimani. Ukitaka bahari, unateremka Soni, kisha Mombo, ndipo utafute basi la Tanga. Lakini jioni moja ya mvua nilikuta banda la video limejaa watu wanaotazama waokoaji wa ufukweni: Baywatch ya 2017, iliyotengenezwa upya kutokana na tamthilia ya Marekani iliyoanza 1989. Mtafsiri alikuwa kazini, kipaza sauti mkononi.

Ufundi huu Watanzania wengi waliuzoea kwa mtafsiri Lufufu. Mtu mmoja anawabeba wahusika wote. Anaisikiliza sentensi ya Kiingereza, anaikata kiunoni, anaisema kabla midomo ya mwigizaji haijafunga. Kijana huyu alimpa Dwayne Johnson sauti nzito ya baba mwenye nyumba, maneno machache. Zac Efron akawa barobaro wa mjini, mwenye kujisifu. Kwa Priyanka Chopra, ambaye ndiye adui, hakupiga kelele. Alinong'ona, na banda zima likainama mbele. Nafasi hiyo ilikusudiwa mwanamume hapo mwanzo. Kwa mnong'ono ule nilielewa kwa nini waandaaji walifanya vyema kuibadili.

Aliyenishika zaidi ni Stephanie Holden. Zamani aliigizwa na Alexandra Paul, mwanamke mzungu. Safari hii ni Ilfenesh Hadera, mzaliwa wa New York, baba yake Mwethiopia. Filamu haitoi maelezo yoyote juu ya hilo. Ni msaidizi wa kiongozi. Anatoa amri, watu wanakimbia. Amekabidhiwa kazi, na sura yake haiombi ruhusa. Vuga inaujua uchaguzi wa namna hiyo: Mbegha alikuja Usambara akiwa mwindaji tu, mtu wa Nguu, na masimulizi ya Wakilindi, ukoo uliotawala hapa, yanasema aliua simba usiku, akaitwa Simba, akakabidhiwa utawala. Kinachoniudhi ni kwamba Hadera alipewa maneno machache mno, huku utani wa matusi ukiachiwa dakika nyingi.

Mtafsiri aliliona pengo hilo. Stephanie alipotokea, mama mmoja aliyekaa nyuma, kitenge begani, alisema, "Huyu wa huku kwetu." Kijana akageuza shingo kidogo, akasikia. Kuanzia hapo hakumpa ile sauti ya kubana puani wanayotupiwa wanawake wengi wa filamu. Alimpa sauti ya dada mkubwa, ya chini, isiyopanda hata mambo yanapochacha. Na pale ambapo Stephanie alikuwa amesimama tu, macho baharini, bila neno lolote la Kiingereza la kutafsiri, kijana alisogeza kipaza sauti, akavuta pumzi: "Ogeleeni, wadogo zangu. Nawaona."

Yule mama akaitikia, "Haya, dada."

Mtafsiri akanyamaza, akaacha mawimbi yasikike.