Mkono wa Mafuta na Choki katika Trekta Kongwe la Kingolwira

Trekta tulilolikuta Kingolwira, katika shamba la mahindi linalotazamana na milima ya Uluguru, lilikuwa Ferguson TE20, jinsi ya yale yaliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, yakazidi 500,000. Na mwenyewe, mzee aliyelirithi pamoja na shamba, alishtaki kwamba mkono wa mafuta hautii amri, kwani akiufungua injini hukawia, na akiuachilia hurudi wenyewe kwa mtikiso, hata akaufunga kwa mpira wa tyubu.

Mafundi waliotangulia walikwisha kufungua kabureta zaidi ya mara moja, na hapo ndipo ilipo taksiri, kwa maana mkono ule wa kwenye usukani hauiamrishi kabureta moja kwa moja: hukaza springi ya gavana, na gavana, kwa vyuma vyake vitanukavyo kadiri injini inavyokwenda kasi, ndiyo inayofunga na kufungua kipepeo cha kabureta, ili jembe likikutana na udongo mzito mwendo usianguke.

Tulianza na choki, ambayo hapana aliyeilalamikia. Fimbo yake ya asili imepotea, na mahali pake umetiwa waya wa breki ya baiskeli, ulioshika kutu ndani ya ganda lake hata, kitufe kikirudishwa, kibao husalia kimeiziba nusu njia ya hewa. Ndiyo sababu ya moshi mweusi, na masizi katika plagi, na petroli iliyoteremka kando ya pistoni ikaizimua oili. Mwenye kupima gavana katika hali hiyo hupima kosa kwa kosa. Waya ukabadilishwa, ukapakwa grisi, nasi tukahakikisha kwa jicho, chujio la hewa likiwa limeondolewa, kwamba kibao kinafunguka kabisa.

Kisha fimbo ya mkono wa mafuta. Tundu la pini lilikwisha kuwa na umbo la yai, na mchezo wake uliotosha kupitisha ukucha ndio uliokuwa ukila amri yote ya mkono. Tukalichonga duara, tukapachika bushi ya shaba, pini mpya na kotapini, na wosha za kukaza mkono tukazibadili. Injini ikiwa imezimwa na mkono umefunguliwa hata mwisho, tuliirefusha fimbo itokayo kwenye gavana kwa mizunguko miwili, hata kipepeo kikagusa kikomo chake.

Alasiri mzee akashusha jembe katika udongo mweusi. Sauti ya injini ikazama kidogo, kisha ikarejea palepale ilipokuwa, na ule mpira wa tyubu akautia mfukoni.